Jua, Vitamini D na Afya ya Moyo

Tumepata kuulizwa swali na mwenye duka mmoja wa Mkwajuni, nasi tumeona kwamba halifai kujibiwa kwa maneno mawili, maana wengi wanalo nyoyoni ijapokuwa hawajalitoa kinywani. Bwana huyu amekwisha kupita miaka hamsini. Huketi dukani mwake tangu asubuhi hata usiku, na mwili wake umenenepa. Alipokwenda kupimwa aliambiwa kwamba ana shinikizo kubwa la damu, akapewa vidonge vya kumeza kila siku. Kisha siku moja, alipokuwa katika basi la kwenda Mbeya, alimsikia mwuza dawa akivisifu vidonge vingine viitwavyo vitamini D, akisema kwamba hilo ndilo jua lililotiwa ndani ya chupa, kwamba huupa moyo nguvu, hushusha presha, tena huondoa sukari katika damu. Bwana wetu akanunua chupa mbili. Sasa atuuliza: Je, naweza kuviacha vile vya kwanza nikashika hivi?

Jibu letu ni kwamba asiviache. Na ikiwa yuko mtu asiye na nafasi ya kutusikiliza hata mwisho, na alichukue neno hilo moja aende zake. Lakini wenye nafasi na wakae kitako, kwa sababu habari ya vitamini hii ni habari ya ajabu, na mwuza dawa yule hakuwa mwongo mtupu. Alichukua kipande cha kweli akakivuta hata kikakatika.

Kwanza tutazame kitu chenyewe. Vyakula vingi vina vitu vidogo sana ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea, na ukivikosa huugua. Hivyo ndivyo viitwavyo vitamini, navyo vilipewa majina ya herufi kwa kadiri vilivyogunduliwa. A, B na C zilikwisha kutangulia. Mwaka wa 1922 mtaalamu wa Marekani, Elmer McCollum, aliligundua jambo la nne katika mafuta ya ini la samaki, jambo liponyalo matege, akaliita vitamini D. Matege ni ule ugonjwa wa watoto ambao mifupa yao hubaki laini, miguu ikapinda kama upinde. Katika miji ya viwanda ya Ulaya, yenye moshi mwingi na vichochoro visivyofikiwa na jua, watoto wenye matege walikuwa wengi mno.

Lakini miaka mitatu kabla ya hapo, yaani mwaka wa 1919, tabibu mmoja wa Berlin, Kurt Huldschinsky, alikuwa amewaponya watoto wenye matege bila ya kuwapa mafuta yo yote. Aliwaweka mbele ya taa itoayo miale isiyoonekana kwa macho, miale ile tuiitayo leo urujuanimno. Jambo lililowashangaza watu ni hili: alimulika mkono mmoja tu, na mifupa ya mkono wa pili nayo ikapona. Basi ikawa dhahiri kwamba ngozi iliyomulikwa ilitengeneza kitu fulani, na kitu hicho kikasafiri kwa damu hata upande wa pili. Kwa hiyo mafuta ya samaki na mwanga wa taa vilikuwa njia mbili za kufika kwenye nyumba moja. Na kusema kweli, kitu ambacho mwili waweza kujitengenezea kwa jua hakistahili sana kuitwa vitamini, bali jina limekwisha kukaa, nasi hatutaligombania.

Ngozi zetu zina mafuta ya aina fulani, jamaa ya yale yaitwayo kolesteroli. Miale ya jua ikiyapiga, hugeuka yakawa vitamini D. Vitamini hiyo hupelekwa kwenye ini ikageuzwa mara moja, kisha kwenye figo ikageuzwa mara ya pili, na hapo ndipo inapopata nguvu ya kufanya kazi. Kazi yake kubwa ni kuuwezesha utumbo kuchukua madini ya chokaa yaliyomo katika chakula na kuyaingiza katika damu. Madini hayo ndiyo yajengayo mifupa, lakini hayaishii hapo. Kila msuli mwilini huyahitaji ili ujikunje na kujikunjua, na moyo nao ni msuli.

Sasa turudi Mkwajuni. Mji huu ndio makao makuu ya Wilaya ya Songwe, katika Mkoa wa Songwe uliotengwa na Mkoa wa Mbeya mwaka wa 2016. Uko karibu nyuzi 8 kusini ya Ikweta, upande wa kuliendea Ziwa Rukwa. Mahali kama hapo jua hupanda juu sana angani mwezi baada ya mwezi, wala hapana majira ya mwaka ambayo miale ile haifiki. Katika London sivyo. Huko, tangu Oktoba hata Machi, jua hukaa chini sana, na miale itakiwayo humezwa na hewa kabla ya kuifikia ngozi. Mtu aweza kusimama uwanjani adhuhuri ya mwezi wa Januari asipate vitamini D hata chembe. Mkulima wa Mkwajuni apaliliaye mahindi yake, na mchungaji apelekaye ng'ombe bondeni, huipata pasipo kufikiri na pasipo kulipa senti.

Hilo si la kubahatisha, kwa maana limepimwa hapa hapa Tanzania. Mwaka wa 2012 wataalamu kutoka Uholanzi walitangaza habari za damu walizopima kwa Wamasai 35 na Wahadzabe 25, watu waishio kama walivyoishi wazee wao, wakishinda nje mchana kutwa. Wastani wa vitamini D katika damu yao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita. Ili msikilizaji apate kulinganisha, matabibu wengi husema kwamba nanomoli 50 zawatosha karibu watu wote kwa afya ya mifupa. Tena yafaa kukumbuka kwamba watu hao wana ngozi nyeusi, nayo ngozi nyeusi huzuia sehemu ya miale na kuhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko ngozi nyeupe. Hata hivyo walikuwa na akiba tele.

Basi, je, twaweza kusema kwamba hapana mtu wa Mkwajuni apungukiwaye? La, hatuwezi. Jua liko kwa wote, bali si wote walio juani. Nchi hii ni nchi ya dhahabu. Mgodi wa Saza ulichimbwa tangu mwaka wa 1939 hata 1956, na mpaka leo wachimbaji wadogo wako kila upande. Ashukaye ndani ya duara alfajiri akatoka jioni hakuliona jua siku hiyo, wala taa ya kichwani si jua. Kule Tunduma, mpakani na Zambia, madereva wa malori hungoja zamu yao saa nyingi ndani ya magari. Jua lawachoma kweli usoni, nao hudhani wamelipata. Lakini kioo huzuia karibu miale yote itengenezayo vitamini D. Lipitalo ni joto na mwanga. Mwenye duka wetu naye yumo katika hesabu hii, kwa kuwa bati la dukani mwake ni kama usiku. Waongeze wazee wasiotoka nyumbani, na wanawake wavaao mavazi ya kufunika mwili wote, na watoto wachanga wafungwao nguo tangu utosi hata nyayo.

Watoto wachanga twapenda kuwatenga na wengine, kwa sababu kwao ndiko kuliko na hatari halisi ya moyo, na juu yao mwuza dawa wa basini hakusema neno. Mwaka wa 2008 matabibu wa London walitangaza habari za watoto wachanga 16 walioletwa hospitali, kati ya mwaka wa 2000 na 2006, mioyo yao ikiwa imetanuka na kulegea hata kushindwa kusukuma damu. Hawakuwa na kasoro ya kuzaliwa nayo. Kilichowapata ni upungufu mkubwa wa vitamini D, na kwa ajili yake madini ya chokaa yalikuwa yamekwisha katika damu, na msuli wa moyo haukuwa na kitu cha kuukunja. Wote walikuwa watoto wenye ngozi nyeusi au ya maji ya kunde, waliozaliwa na wazazi wenye asili ya Afrika, ya visiwa vya Karibi au ya Bara Hindi, waishio katika nchi ya jua haba. Watatu kati yao walifariki. Waliobaki, walipopewa chokaa na vitamini D, mioyo yao ilianza kurudi katika hali yake. Twaomba wasikilizaji wenye ndugu waliohamia Uingereza, Sweden au Canada, wanaonyonyesha huko, wawapelekee habari hii. Maziwa ya mama yana vitamini D kidogo sana, na katika nchi hizo watoto wanyonyao hupewa matone yake. Mama asidhani kwamba matone hayo ni desturi ya kigeni isiyomhusu. Yamhusu yeye kuliko jirani yake mweupe.

Kwa mama wa Mkwajuni shauri ni jepesi zaidi. Iko desturi njema ya kumwotesha mtoto jua la asubuhi. Walakini jua la saa kumi na mbili na nusu au saa moja, lile la kupendeza lisilochoma, lina miale michache sana ya aina itakiwayo, kwa sababu ile ile ya London: liko chini mno. Alama yake ni kivuli. Kivuli cha mtu kikiwa kirefu kuliko kimo chake, jua hilo lafaa kwa kuota tu. Kikiwa kifupi kuliko kimo, hapo ndipo ngozi inapofanya kazi. Basi mtoto na atolewe baadaye kidogo, mikono na miguu ikiwa wazi, kwa muda mfupi, macho yakilindwa, na arudishwe kabla hajaungua.

Katika neno hili wako watu tunaowatoa kabisa, nao ni ndugu zetu wenye ualbino. Ngozi yao haina kinga, kwa hiyo huifanya vitamini D upesi sana, hata kwa jua dogo la njiani, na jua linalozidi hapo huwaletea saratani ya ngozi. Mtu asimwambie mtoto mwenye ualbino akae juani kwa ajili ya mifupa. Kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kuzuia jua ndiyo haki yake.

Yako mambo mengine mawili juu ya mifupa kabla hatujaingia katika moyo wa watu wazima. La kwanza, jua peke yake halijengi mfupa kama chakula hakina chokaa. Katika Nigeria, nchi isiyo na upungufu wa jua, watoto walionekana na matege. Mwaka wa 1999 walitangazwa watoto 123 waliogawanywa mafungu matatu: wengine wakapewa vitamini D, wengine chokaa, wengine vyote viwili. Waliopewa chokaa, peke yake au pamoja na vitamini, waliendelea vizuri kuliko wale waliopewa vitamini peke yake. Ugali wa mahindi una chokaa kidogo sana. Maziwa yanayo, na dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao wanayo tele; nao dagaa, wakiletwa kutoka Ziwa Tanganyika, hupatikana katika masoko yetu kwa bei isiyomshinda mtu wa kawaida. La pili, mwili haulewi vitamini D kwa jua, maana ikizidi ngozini jua lenyewe huivunja. Lakini iliyomezwa haina mvunjaji. Mtu akimeza nyingi mno kwa miezi, chokaa hujaa katika damu, akapata kiu, kutapika, kukojoa sana, mawe ya figo, hata kuchanganyikiwa.

Haya, sasa moyo na sukari. Mwuza dawa alipata wapi maneno yake?

Aliyapata kwa wataalamu, ijapokuwa kwa njia ya masikio mengi. Katika mji wa Framingham, Marekani, wako watu ambao kwa miaka mingi afya ya mioyo yao hufuatwa na matabibu. Mwaka wa 2008 ilitangazwa hesabu ya watu 1,739 miongoni mwa watoto wa kizazi cha kwanza cha uchunguzi huo, watu ambao hawakuwa na ugonjwa wa moyo wakati wa kuanza. Baada ya miaka mitano na kitu, wale ambao damu yao ilikuwa na vitamini D haba walikuwa wamepatwa na maradhi ya moyo na mishipa zaidi ya wenzao. Wengine wakaona vivyo hivyo kwa kisukari. Tena zilipatikana sababu za kuaminisha. Kuta za moyo na za mishipa zina vipokeo vya vitamini D. Kongosho, ambalo hutoa insulini ya kuendesha sukari, linavyo pia. Na panya walioondolewa vipokeo hivyo walipandwa na shinikizo la damu. Nani asingetumaini? Chupa zikaanza kuuzwa duniani kote kabla ya hukumu kutolewa.

Hapa twaomba wasikilizaji watutegee sikio, maana ndipo penye fundo la mazungumzo yote. Tuwatazame tena Wamasai. Mwaka wa 1964 daktari George Mann na wenzake walitangaza habari za wanaume 400 wa Kimasai waliowapima Tanganyika. Watu hao walikula maziwa na nyama kwa wingi, na bado dalili za ugonjwa wa moyo zilikuwa chache mno kwao. Sasa tukiweka habari hii kando ya ile ya mwaka wa 2012, twaona watu wenye vitamini D tele na mioyo yenye afya. Ni rahisi kusema: hilo limeleta hili. Lakini mwaka wa 1972 Mann alitangaza tena, safari hii juu ya miili 50 ya Wamasai iliyochunguzwa baada ya kufa, na jambo lililoonekana halikuwa lile lililotazamiwa. Mishipa ya mioyo yao ilikuwa na uchafu wa mafuta kukaribia ule wa wazee wa Marekani. Bali mishipa yenyewe ilikuwa mipana, hata damu ikapita bila kizuizi. Naye akadhani kwamba upana huo umetokana na mwendo wao, kwa sababu Mmasai wa siku zile alitembea kutwa nzima nyuma ya ng'ombe.

Mnaona tatizo? Atembeaye kutwa hupigwa na jua kutwa. Jua huacha alama katika damu yake, nayo ni vitamini D. Mwendo huacha alama katika moyo wake. Ajaye na sindano akatoa damu huiona alama ya kwanza akaisifu kwa kazi iliyofanywa na ya pili. Na kwa Framingham ni vivyo hivyo upande wa kinyume. Mgonjwa hukaa ndani. Mtu mnene vitamini D yake hupotea katika mafuta ya mwili, hata damu yake ikaonekana haina kitu. Mvivu wa kutembea halioni jua. Upungufu katika damu zao huenda ukawa ni moshi tu, nao moto uko mahali pengine. Ukiupepea moshi haukuzimi moto.

Njia ya kujua ni moja, nayo ni kuwapa watu vitamini yenyewe na kungoja. Huchukuliwa watu wengi, hugawanywa kwa kura mafungu mawili, fungu moja hupewa dawa na fungu la pili hupewa vidonge vinavyofanana nayo lakini vitupu, wala mtu hajui amepata kipi mpaka mwisho. Jambo hili lilifanywa Marekani kwa watu 25,871, wanaume wa miaka 50 na zaidi na wanawake wa miaka 55 na zaidi, wakimeza yuniti 2,000 kila siku kwa muda wa miaka mitano hivi. Habari ilitangazwa mwaka wa 2018. Hapakuwa na tofauti katika maradhi makubwa ya moyo. Katika New Zealand watu 5,110 walipewa dozi kubwa kila mwezi, na mwaka wa 2017 jibu likawa lile lile. Katika Australia wazee 21,315 walimeza yuniti 60,000 kila mwezi hata miaka mitano. Mwaka wa 2023 ilitangazwa kwamba maradhi makubwa ya moyo yaliwapata 6.6 katika kila mia kwa wasiomeza, na 6.0 kwa waliomeza. Tofauti hiyo ni ndogo sana, na wenyewe walioipima hawakusema kwamba imethibitika. Sisi hatuwezi kuificha, wala hatuwezi kuiuza.

Kwa kisukari, watu 2,423 wa Marekani ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda bila kufikia ugonjwa walipewa yuniti 4,000 kila siku. Mwaka wa 2019 ilionekana kwamba waliougua baadaye walikuwa wachache kidogo kuliko waliomeza vitupu, lakini uchache ule ungeweza kutokea kwa bahati. Baadaye, mwaka wa 2023, majaribio matatu ya namna hiyo yalipojumlishwa pamoja, faida ndogo ikaonekana kwa watu wa hali hiyo, yaani walio mlangoni mwa kisukari. Hatusemi kwamba mlango umefungwa. Twasema kwamba faida hiyo, kama ipo, haifiki hata nusu ya ile ipatikanayo kwa kupunguza unene na kutembea kila siku, ambayo ilikwisha kuthibitishwa zamani.

Wala mtu asiseme kwamba hayo ni ya Wazungu na kwamba damu yetu ni nyingine. Dar es Salaam nako palifanywa jaribio kubwa juu ya vitamini hii, ingawa si kwa ajili ya moyo. Watu wazima 4,000 wenye virusi vya Ukimwi, waliokuwa wakianza dawa na ambao vitamini D yao ilikuwa pungufu, waligawanywa kwa kura. Habari ilitangazwa mwaka wa 2020. Vitamini D haikupunguza vifo, wala haikuzuia kifua kikuu. Twaitaja kwa sababu inaonyesha jambo lile lile: wagonjwa walikuwa na upungufu, upungufu ukajazwa, na ugonjwa haukujali.

Tumerudi kwa mwenye duka. Hayuko peke yake. Mwaka wa 2012 walipopimwa watu wazima wa Tanzania, wa miaka 25 hata 64, mmoja katika kila wanne hivi alikuwa na shinikizo kubwa la damu, na wengi wao hawakuwa na habari, kwa maana presha haina uchungu. Huo ndio unaoifanya hila ya chupa iwe mbaya. Aachaye dawa ya jino hukumbushwa usiku ule ule. Aachaye dawa ya presha hulala vizuri, huamka vizuri, humsifu mwuza dawa, na damu yake inapanda kimya kimya mpaka siku mshipa wa kichwani utakapopasuka au figo zitakapokoma. Vidonge alivyopewa kwanza vilijaribiwa kwa kura na kwa kungoja, kama tulivyoeleza, navyo vilipunguza kiharusi na vifo. Hiyo ndiyo tofauti ya chupa hizi mbili, wala haionekani kwa kutazama rangi ya kidonge.

Tungemshauri mambo haya. Akabidhi duka kwa kijana wake saa moja kila siku, jua likiwa limepanda, akatembee kwa miguu mpaka jasho litoke, mikono ikiwa wazi. Akienda hivyo atapata vitamini D bure, lakini hasa ataupata mwendo wenyewe. Apunguze chumvi katika mboga na katika samaki wakavu wa Rukwa, ambao ni watamu kweli, bali hutiwa chumvi nyingi ili wasioze. Kuwaloweka usiku na kuyamwaga maji husaidia. Kama avuta sigara, aache. Kivuli cha mkwaju, ambacho mji wake umekichukua kwa jina, na akihifadhi kwa kupumzikia, kwani chini yake hakuna miale ya kutosha.

Na zile chupa mbili alizonunua asizitupe wala asizifiche. Azichukue mkononi azipeleke kwa tabibu pamoja na vidonge vyake vya presha. Twasisitiza jambo hili kwa sababu moja ambayo mwuza dawa huenda hakuijua. Kati ya dawa za presha zitolewazo sana katika vituo vyetu ni zile za kukojosha za jamii ya thayazaidi, nazo, pamoja na kutoa maji na chumvi mwilini, huzuia chokaa isitoke katika mkojo. Mtu akizimeza hizo, kisha akaongeza juu yake vitamini D ya dozi kubwa, ambayo yaingiza chokaa kwa mlango wa mbele, na hali mlango wa nyuma umefungwa, chokaa yaweza kujaa katika damu yake hata ikauharibu mwendo wa moyo ule ule aliotaka kuuponya. Tabibu atataka kujua kila kidonge kina yuniti ngapi. Idadi hiyo huandikwa ubavuni mwa chupa, kwa herufi ndogo, karibu na tarehe ya mwisho wa kutumika.